Hita ya Mwenye Nyumba

Ujinga wa mtu ambaye hakupata shule huwa nauvumilia. Ujinga wa mstaafu anayefunga tai kwenda kununua mkate, huo siuwezi. Mwenye nyumba wetu kule Dodoma, nilikopanga baada ya kuhamishwa kikazi, alikuwa wa aina hiyo ya pili.

Wapangaji wote pamoja naye tulitumia luku moja, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kila uniti zilipokwisha alituita uani atuhutubie. Imani yake ilikuwa hii: kinachotoa mwanga na kinachopiga kelele ndicho kinachokula umeme. Basi akawa anapita kuzima taa za watu, anachomoa chaja za simu, na redio anaitazama kama mwizi. Akaongeza kwamba maji ya bwawa la umeme la Mtera yamepungua, kwa hiyo umeme unakuja mwepesi na uniti zinakwenda mbio. Majirani wakaitikia. Niliidharau hotuba, lakini waitikiaji niliwadharau zaidi.

Mwenye kelele kuliko wote alikuwa mshonaji kutoka Kondoa, mjane aliyepanga chumba cha mbele na cherehani yake ya mota. Cherehani hiyo ndiyo iliyolisha wanawe. Mzee akamwambia aache kushona au ahame. Kuhama kulikuwa kupoteza wateja wote wa mtaa ule, na mama wa watu alilia mbele yetu bila kujificha.

Iliniuma. Jumamosi moja asubuhi nikamwamkia mzee, nikamwomba tuzime kila kitu, kisha tuwashe kimoja kimoja huku tukitazama taa nyekundu ya mita. Kadiri inavyopepesa haraka, ndivyo umeme unavyoliwa. Alikubali upesi, maana alijua atashinda.

Mjane akashona. Taa ikapepesa kivivu, ikapumzika, ikapepesa tena. Kisha nikaomba iwashwe hita ya bafuni kwa mzee, ile aliyokuwa akiiwasha alfajiri kwa ajili ya baridi na kuisahau mpaka wakati wa chai. Taa ikapepesa mfululizo hata ikawa vigumu kuona inazimika saa ngapi. Nikawaeleza, taratibu kama kwa watoto wa chekechea, kwamba mlafi ni chombo kinachopasha moto: hita, pasi, jiko la umeme. Mita haina masikio, haijui kelele.

Mzee akakohoa.

"Hita ni ya afya yangu," akasema. "Cherehani ni ya biashara. Mwenye biashara ndiye anayemaliza umeme."

Majirani wakaitikia. Mwisho wa mwezi mjane akapakia cherehani yake kwenye guta la magurudumu matatu, akatuaga kwa heshima ambayo hatukuistahili, akaenda kuanza upya mtaa usiomjua.

Haukupita muda, uniti zikaisha asubuhi mzee akiwa anaoga. Akatoka amejifunga taulo, povu limemjaa shingoni, akauendea mlango wa mshonaji na kuukuta una kufuli. Akasimama pale kidogo, amekosa wa kumlaumu. Kisha akanigeukia.

"Wewe," akasema, "si una kompyuta?"

Na wale wale walioiona taa nyekundu kwa macho yao wakanitazama, wakatikisa vichwa kwa masikitiko.