Niliuacha Mstari Wangu Mwenyewe

Nakiri mbele yenu: mimi, mwalimu wa kwaya katika kanisa letu la Wakongomani hapa Bwaise, nilishindwa na hotuba yangu mwenyewe.

Tulikuwa tunaamua kama kanisa lihamie Kyebando, kilimani, ambako mafuriko hayafiki. Nilizungumza nusu saa nzima. Nikataja ngoma zilizooza, spika zilizoungua, mabenchi yaliyoelea kama bata. Watu waliitikia amina mpaka nikajiona nabii.

Kisha akasimama Mama Neema, muuza vitenge ambaye hajazoea kusema kikaoni.

"Mwalimu, maji yalipojaa kwangu, watoto niliwalaza hapa juu ya madhabahu. Mtaa mzima hauna mahali pengine palipoinuka. Tukihama, majirani watapanda wapi?"

Akakaa. Sijawahi kuona maneno machache hivyo yakibeba mtaa mzima.

Mchungaji akasema tupige kura kama kwenye uchaguzi wa mtaa, kwa kupanga mstari: wanaotaka kuhama nyuma yangu, wanaotaka kubaki nyuma ya Mama Neema. Sijui miguu ilinipelekaje, lakini nilivuka nikasimama nyuma yake, nikiamini wote wananifuata.

Mchungaji alihesabu polepole.

"Wanaohama wameshinda kwa kura moja," akasema. "Kiongozi wao aje mbele atuombee."

Mstari wote wa wanaohama ukageuka kunitazama. Mbele kabisa, mahali pangu, alikuwa amesimama mke wangu.

"Nenda kaombe, Mwalimu," Mama Neema akaninong'oneza. "Umewashawishi vizuri."