Kisahani cha Sista Asenath

Mwaka wa 1996, kina mama wa kanisa letu pale Umoja walijua nambari zao za presha kuliko walivyojua mistari ya Biblia. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ibada ikiisha, hatukwenda nyumbani kupika. Tulipanga viti katika darasa la watoto, Sista Asenath Wekulo akafungua sanduku la mashine yake yenye kioo cha zebaki, akatupima mmoja mmoja. Mimi Kamene nilikaa kando yake na daftari, nikiandika nambari alizotaja. Nilijiona mtu mkubwa sana na kalamu yangu.

Sista alikuwa nesi mstaafu, Mbukusu mrefu asiyetaka mchezo. Alikuwa amezalisha nusu ya wanawake wale, nami nikiwa mmoja wao. Mtoto wangu wa kwanza alitanguliza miguu, na ni mikono ya Sista iliyomtoa akiwa hai. Kwa hivyo nilimheshimu kama mama yangu mzazi.

Kabla ya kupima alitufundisha. Alikunja ngumi akaiinua tuione.

"Moyo wako ni kama hivi. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka na kuipeleka mapafuni ikachukue hewa. Upande wa kushoto unaipokea ikirudi na kuisukuma mwili mzima. Ukibana, damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu. Hiyo ndiyo nambari ya juu. Ukilegea, nguvu inayobaki ndiyo nambari ya chini."

Kisha alimwinua mtu kitini kwa ghafla. "Kwa nini hajaanguka? Damu ilitaka kukimbilia miguuni. Lakini shingoni mna mahali panapohisi presha ikishuka. Habari inafika kwenye ubongo, moyo unaongeza mbio, mishipa inajikaza. Mwili unajirekebisha wenyewe. Lakini ukiujaza chumvi, unashika maji, na figo zinachoka kuyatoa. Mishipa ikikazwa miaka na miaka inakuwa migumu. Na hutasikia maumivu yoyote." Alimaliza kila mara kwa kusema, "Mficha maradhi kifo humuumbua," nasi tukaitikia amina.

Upimaji wenyewe niliujua kwa macho. Alifunga mkanda juu ya kiwiko, akaujaza upepo mpaka damu isipite. Akaweka kisahani cha chuma cha kusikilizia mapigo ndani ya kiwiko, mipira yake ikiwa masikioni, akaachia upepo polepole. Damu ikianza kupenya hugonga, na hapo zebaki ilipo ndiyo nambari ya juu. Mlio ukipotea, ndiyo ya chini.

Katika daftari langu kulikuwa na watu wawili waliojulikana na wote. Phelister, mama Akech, alikuwa fundi wa kushona, mwembamba, mpole, anayeongea kama anaomba ruhusa. Yeye alikuwa mia na ishirini juu ya themanini, mwezi nenda mwezi rudi. Syombua, mama Ndolo, alikuwa na mwili wake na kicheko chake, na hakuwahi kushuka chini ya mia na sabini. Sista alimkemea mbele yetu. Syombua akaacha chapati, akaacha chumvi, akaacha hata kuimba wimbo wa kurukaruka.

"Siku hizi nakula majani tupu," alisema. "Mbuzi wa kwetu Mwala ananishinda, yeye analamba chumvi."

Tulimcheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, Sista alipokuwa akitoa vifaa, kitu kilianguka na kubingirika hadi chini ya kiti changu. Nilikiokota. Kilikuwa kile kisahani, kimechomoka kwenye mpira wake. Nilitaka kumpa, lakini nilipoinua kichwa nilimkuta ameshaanza kumpima Phelister. Mipira ilikuwa masikioni. Ncha tupu ya mpira ameifunika kwa kiganja, ameibana kiwikoni mwa mgonjwa. Aliitazama zebaki ikishuka, uso mtulivu kabisa, akasema, "Mia na ishirini juu ya themanini. Andika."

Niliandika.

Akaja Syombua. "Mia na sabini na tano juu ya mia. Mama Ndolo, unataka kufa?" Niliandika hiyo pia, kisahani kikiwa kimepata joto ndani ya mkono wangu wa kushoto.

Nyumbani nilifungua daftari nikarudi nyuma kurasa za miaka miwili. Wembamba wote walikuwa wazima. Wanene wote walikuwa wagonjwa. Sista alikuwa anatupima kwa kututazama. Ndipo nikakumbuka mengine: redio yake inayosikika hadi barabarani, jinsi anavyokutazama mdomo ukiongea, jinsi usipobisha mlango kwa nguvu hafungui. Masikio yake yalikuwa yamekwenda.

Ningemwambia siku hiyo hiyo. Sikumwambia. Kwetu hakuna anayemvua nguo mtu aliyemzalisha. Nilijiambia nitatafuta siku nzuri, nikakiweka kisahani kwenye kopo la vifungo, juu ya kabati. Mwezi wa nne nikakaa tena kando yake na kuandika. Mwezi wa tano nikaandika tena. Phelister alimwambia, "Sista, kisogo kinaniuma asubuhi, na naona kama cheche mbele ya macho." Sista alimtazama mdomo, akampiga piga begani. "Ni kushona hadi jioni. Presha yako ni ya msichana." Nami kalamu ikatembea.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea Phelister gauni la kupunguza. Alishika sindano, akaupeleka uzi kando, akaupeleka tena kando. "Jicho la kushoto limeingia ukungu," alisema, akicheka kwa aibu kana kwamba kosa ni lake. Niliacha gauni hapo nikaenda kuchukua kopo la vifungo.

Kwa Sista nilipiga mlango kwa ngumi. Alipofungua sikusalimu vizuri. Nilitoa kisahani nikakiweka juu ya kitambaa cha meza.

Alikigeuza kwa vidole. "Ulikiokota lini?"

"Mwezi wa tatu, Sista."

"Na leo ni mwezi wa tano unaisha."

"Ndio."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, lakini hakukasirika.

"Kilipopotea sikujisumbua hata kununua kingine," alisema. "Kingenisaidia nini? Ni miaka miwili sisikii ule mlio. Nilisema nitaacha mwezi ujao, halafu mnanipangia viti, mnaniita Sista." Akafuta macho kwa upande wa kiganja. "Na njia nyingine ilikuwepo. Tulifundishwa shuleni. Unashika mshipa wa kifundo cha mkono kwa vidole, unajaza upepo mpaka mpigo upotee. Inakupa nambari ya juu peke yake. Niliona aibu kupima nusu mbele yenu, wangeuliza masikio yana nini."

"Mama Akech haoni vizuri," nilisema, kwa sauti ya juu ili asikie.

Alichukua sanduku lake kabla sijamaliza.

Phelister alishangaa kutuona wawili. Sista alimfunga mkanda, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo chake, akaanza kubana kipira cha kujaza upepo. Mia na ishirini, mpigo bado uko chini ya vidole. Mia na sitini. Mia na themanini. Nilitazama uso wa Sista nikisubiri. Mia mbili. Ilipofika mia mbili na kumi na mbili, ndipo mpigo ulipopotea. Akaachia upepo, na mpigo ukarudi pale pale ulipopotelea.

"Bado ni ya msichana?" Phelister aliuliza.

"Vaa viatu," Sista alisema. "Twende hospitali sasa hivi."

Alilazwa siku tisa. Presha ilishushwa pole pole, akapewa vidonge vya kumeza maisha yake yote. Daktari alituita koridoni, Sista na mimi, akidhani sisi ni ndugu zake. Alisema mishipa midogo nyuma ya jicho la kushoto imevuja na jicho halitarudi. Akasema kwa upole tu, bila kumlaumu mtu, kwamba angeletwa miezi miwili nyuma, lingeokoka.

Miezi miwili. Sista alikuwa amemtazama daktari mdomo, kwa hivyo alisikia kila neno. Aliinamisha kichwa. Hakunigeukia.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita alisimama mbele ya kina mama wote. Alisema masikio yake yamekufa, kwamba alitunga nambari kwa miaka miwili, na kwamba lawama ya jicho la mama Akech iko juu yake. Alisema alipoteza kisahani na hakumwambia mtu. Nilisubiri jina langu. Hakulitaja. Kisha akawapima kwa vidole, na Syombua akatoka mia na ishirini na nne.

Syombua hakucheka. "Miaka miwili, Sista," alisema. "Wajukuu wangu wanaonja chakula changu wanakitema." Akamshika mkono hata hivyo, wakakaa hivyo.

Nilikuwa na daftari magotini. Kusimama kulikuwa ni hatua moja. Sikusimama.

Sasa kila Jumamosi naenda kwa Phelister kumtungia uzi kwenye sindano, nyingi kwa mara moja, zimtoshe wiki. Wateja wakija ananitambulisha. "Huyu ni Kamene," anasema, akinitafuta kwa lile jicho zima. "Ndiye alimleta Sista anipime vizuri. Bila yeye ningekuwa nimekufa." Nao wananishukuru. Nami nainama, nalowesha uzi mdomoni, natafuta tundu la sindano.