Mwanga Ndani ya Chungu cha Risasi

Siku bwana madini alipokuja kwetu Mungaa, nilimkaribisha kigoda huku jicho langu likiwa kwenye Land Rover yake. Miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, mtu wa serikali hakuja kunywa maji. Nyuma ya nyumba ya wakwe zangu palikuwa na mwamba mweupe tuliokuwa tukipuria uwele, naye alikuwa ameuona tangu barabarani. Mama mkwe akaninong'oneza, "Wakikuta mali humo, tunahamishwa."

Nikamwuliza bwana madini, kijana tu bado, anapimaje. Akagonga chombo kizito alichokuja nacho.

"Humu kwenye chungu cha risasi tumefungia mwanga mkali, dada. Hauonekani kwa macho. Unapiga jiwe, na kama lina berili, madini tunayoyatafuta, linatoa chembe ndogo sana, nyutroni. Mashine inazihesabu: tik, tik. Mawe mengine yananyamaza."

Mama mkwe alishika mdomo. Yeye alisikia risasi za bunduki, na mwanga yule anayewanga usiku uchi. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne, nilijua anasema nuru, na risasi ile ni chuma kizito cha kuizuia. Lakini alipouweka mzigo wake juu ya mwamba alitufukuza hadi zizini, kisha naye akaja mbio nyuma yetu akiburuta waya wa ile mashine ya kuhesabu. Hapo nilikasirika.

"Mbona unaukimbia mwanga wako?"

"Si vizuri kuukaribia muda mrefu."

"Na sisi tutapuria uwele hapo hapo?"

"Nikiuondoa hakibaki kitu, dada."

Sikumwamini. Hata leo simwamini sana.

Tukatega masikio. Mama mkwe alikuwa akiusihi mwamba kwa Kinyaturu ufunge mdomo. Mashine ikatoa tik moja. "Hiyo si kitu," akasema kijana. Tukangoja tena. Kimya.

"Jiwe lenu halina kitu, mama," alimwambia mama mkwe, kama mtu anayetoa pole. Tulimchinjia jogoo kwa furaha. Alikula akidhani ni ukarimu.

Kiangazi kilichofuata, balozi wa nyumba kumi alikuja na lori: wote tuhamie kijiji kipya, kule barabarani. Habari za mwamba hakuuliza hata kidogo. Mama mkwe alikwenda kukaa juu yake na kukataa kuinuka. Mimi nilishika mzigo wa vyungu, nalia.

"Kwani jiwe lilisema?" mama mkwe alimwuliza balozi. "Si lilinyamaza? Sote tulisikia."