Gencho Anaupasha Ukuta Joto

Mimi ndiye ninayeipasha joto nyumba ya Gencho, na sijawahi kusikia asante. Fleti yangu iko chini ya yake. Nikiwasha hita, joto linapanda, linapenya dari langu na kumkuta bwana mkubwa juu kavua viatu, anapasha nyayo joto kwenye sakafu yake. Siku moja nilimwambia angalau aniletee bakuli la kabichi chachu. Akanijibu, "Nedka, jirani yangu, joto limekuja lenyewe. Mimi sikuliita."

Watu wa miji mingine husema eti sisi wa mji wa Gabrovo ni wabahili hata tunawakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi nyuma yao, joto lisitoke. Uzushi mtupu. Gencho hata hafugi paka, maana paka hutaka kutoka.

Si mtu mbaya. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sufu, na mpaka leo pasi ya mtu ikiharibika humu jengoni anaitengeneza bure. Ila umeme ukitumika anaumia kama aliyeng'olewa jino. Ikifika baridi yeye na mkewe Donka huhamia jikoni na kuishi humo mpaka machipuko. Sebule hufungwa, humo hukaa matofaa na chupa za achari.

Mwaka huu binti yao Iskra, anayeishi Plovdiv, aliwaletea themostati za kisasa. Ni vidude vya kubandika ukutani: vinapima joto la chumba, vinaiwasha hita na kuizima vyenyewe, na namba zote unaziona kwenye simu hata ukiwa mbali. "Mtalipa bili ndogo na mtaishi kama watu," aliwaambia. Gencho alisikia nusu ya kwanza tu. Alikipenda kile kidude cha sebuleni kuliko alivyowahi kupenda redio yake, akakishusha mpaka nyuzi kumi na mbili. Iskra akakipandisha kwa simu kutoka Plovdiv. Gencho akakishusha tena. Walivutana hivyo mpaka Iskra akapiga simu, nami nipo pale jikoni nakunywa kahawa.

"Baba, sigusi tena. Lakini nakwambia mapema. Nikiona sebule inasoma ishirini na mbili siku zote hizi kabla ya Krismasi, tunakuja kwenu na mtoto. Nisipoona, tunaenda kwa wakwe zangu Burgas."

Nilimwonea Gencho huruma, kwa kweli. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amepewa jina la babu wa Burgas, Nayden, na jambo hilo lilikuwa bado limemkaa kooni. Jina limeenda Burgas, na sasa Krismasi ya kwanza nayo iende huko huko?

Kesho yake namba ikapanda. Donka akanionyesha simu yake kwa furaha: ishirini na mbili! Nikasema moyoni, basi binadamu hubadilika. Kilichonishangaza ni kwamba dari langu lilikuwa baridi kuliko siku zote.

Mkesha wa Krismasi nilipanda na mkate wao, maana oveni yangu ni kubwa kuliko yao. Donka alikuwa anafunga majani ya kabichi yenye wali, amevaa koti. Nikaingia sebuleni kuweka mkate mezani, nikaona pumzi ikitoka mdomoni mwangu kama moshi. Ukutani, ubavuni mwa themostati, ilining'inia chupa ya mpira ya maji ya moto, imefunikwa skafu ya sufu vizuri kama mgonjwa.

"Gencho! Hii nini?"

"Shhh. Kidude kinahitaji joto, chumba hakihitaji. Kwa nini nipashe chumba kizima kwa ajili ya kidude kimoja?"

"Na hita?"

"Hita inaambiwa kuna joto, imelala." Aliyasema hayo kwa fahari! "Wakikaribia nitaiwasha."

Hakujua kwamba wameshakaribia. Mlango ukafunguliwa, Iskra huyo, na mtoto kifuani kafungwa blanketi mpaka puani. Hakusalimia. Alienda moja kwa moja ukutani, akaifunua ile skafu.

"Nilijua," alisema. "Baba, hakuna chumba duniani kinachoruka kutoka kumi na mbili mpaka ishirini na mbili kwa dakika moja, kikashuka, kikaruka tena. Umekuwa ukichemsha maji kutwa kucha?"

"Birika halili umeme mwingi."

"Mume wangu yuko chini, hajazima gari. Tunaenda Burgas. Nimepita kumchukua Mama."

Nilidhani Donka atakataa. Akanawa mikono, akafunga kifungo cha juu cha koti lake. "Baba Iskra," alisema, "mimi nimechoka baridi."

Gencho alimtazama mkewe kana kwamba koti lile analiona leo. Akaing'oa chupa ukutani, akabonyeza kidude mpaka ishirini na nne, na hita ikaanza kulia tiki tiki. Kidude kikasoma kumi na moja.

"Nipeni saa moja," alisema. "Saa moja tu, Iskra."

Iskra akaketi. Sote tukaketi na makoti yetu kama abiria wa treni iliyochelewa. Kumi na tatu. Kumi na tano. Gencho hakuondoa macho ukutani. Ilipofika kumi na nane Iskra alimvua mtoto kofia. Nilitamani Gencho aseme "kaeni", neno moja tu, lakini kichwa cha yule mzee ni kigumu kama cherehani.

Ghafla akainuka, akalifungua dirisha lote, hita inawaka, baridi ikaingia kwa fujo. Akainama nje akaita, "Lyuben! Mkwe wangu! Zima hilo gari, petroli inaisha bure! Panda juu, chakula kipo!"

Donka alivua koti, akamtupia mgongoni.

"Funga dirisha wewe! Unamaliza joto la mtoto!"