Nusu Mzunguko wa Bisibisi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Ijumaa. Fundi Sikio anaweka kikombe chake cha chai juu ya betri mbovu, ananyanyua kidole. "Huyo anakuja," ananiambia mimi, mgeni wake wa asubuhi hiyo.

Barabarani hakuna kitu. Inapita dakika nzima ndipo gari linapochomoza kwenye kona: Chevrolet ya mwaka 1958, nyeupe juu, samawati chini, refu kiasi cha kuziba lango lote la gereji. Linakuja kwa kushtukashtuka, kama mtu mwenye kwikwi.

Kwenye usukani, upande wa kushoto, ameketi mwenye gari, ambaye ni shemeji wa Fundi, mume wa dada yake mkubwa. Kiwiko kiko nje ya dirisha. Dada mwenyewe yuko kiti cha kulia, mkoba mapajani.

"Unaona anavyokaa?" Fundi ananinong'oneza. "Utadhani kaliunda yeye."

Fundi Sikio ana miaka hamsini na minne. Chakula cha wanawe kinatokana na magari madogo na pikapu za wauza mboga, lakini fahari yake iko kwenye rafu ya juu, imefungwa kwa kitambaa. Boliti za gari hili ni za inchi, si za milimita kama za magari mengine, na seti kamili ya spana za inchi mtaani hapo ni moja tu, yake. Haiazimwi. Fundi mwenzake aliwahi kuomba spana moja ya dakika tano tu, akajibiwa alete gari lenyewe.

Ukitaka kumharibia siku, muulize gari hilo lilipatikanaje.

"Mimi ndiye niliyeliona kwanza!" anasema, na sauti inampanda. Ni miaka ishirini na miwili sasa. Lilikuwa kwenye banda, limefunikwa magunia, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Akaenda mbio kumweleza shemeji yake, kwa furaha tu, kisha akaenda kutafuta mtu wa kununua pikipiki yake ili apate pesa za kulinunua.

"Kurudi, nakuta limeshalipiwa. Ananishika bega, ananiambia, 'Shemeji, tumepata gari!' Tumepata? Yeye na nani?"

Tangu hapo kazi ziligawanyika zenyewe. Shemeji hubeba maharusi, amevaa tai, na kila albamu ya harusi mjini imemnasa akitabasamu kando ya boneti. Fundi yumo kwenye picha moja tu. "Miguu," anasema. "Nilikuwa chini ya gari."

Dada mtu ameshawazoea. "Mdogo wangu huyu hajawahi kuniuliza nimeamkaje kabla hajauliza gari limeamkaje," ananiambia akishuka. "Na mume wangu ni vilevile. Mimi najisalimia mwenyewe."

Leo, hata hivyo, shemeji hacheki. Anazima injini na kubaki ameshika ufunguo.

"Shemeji, litengeneze vizuri. Jumapili kuna mtu anakuja kulichukua."

"Kulichukua kulipeleka wapi?"

"Nimeuza. Jumamosi iliyopita lilizima na bibi harusi ndani, wapambe wakasukuma na suti zao. Kila wiki linaumwa, nimechoka. Wewe ndiye fundi wa magari haya, nami sijaona mwingine. Kama wewe limekushinda, nani ataliweza?"

Fundi anafungua boneti na kuinamia injini kwa muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji. Shemeji anapokwenda kununua maji dukani, ananiita kwa jicho.

"Sogea. Unaiona hii skrubu ya kabureta?"

Hapo ndipo anapoyatoa ya moyoni. Kila Ijumaa husafisha plagi, huliweka gari sawa hadi liungurume anavyotaka. Kisha, kabla ya kufunga boneti, huigeuza skrubu hiyo nusu mzunguko. Petroli inazidi. Katika mwendo wa polepole wa maharusi plagi zinaanza kujaa masizi, mara mojamoja linazima hapohapo, na ikifika Alhamisi gari linakohoa. Ijumaa linarudi kwake.

Amefanya hivyo kwa miaka tisa. Si kwa ajili ya malipo, maana anachomtoza shemeji hakizidi bei ya plagi moja.

"Wivu tu," anasema, macho chini. "Kabla ya hapo lilikuwa linakaa hata miezi mitatu bila kuja. Nalisikia likipita, jamaa ananipungia mkono. Nikirudi nyumbani chakula hakipiti. Sasa nimelifukuza mwenyewe."

Anawasha injini, anachukua bisibisi. Anairudisha skrubu, anasikiliza, anaigusa tena kidogo. Injini inatulia. Shemeji, chupa mkononi, anasimama langoni kwa mshangao.

"Umefanya nini?"

Fundi anamwambia. Anamwambia yote, bila kujipunguzia.

Dada mtu anajishika kiuno. "Miaka tisa! Na mimi nafua mashati yananuka petroli!"

Mumewe hapazi sauti. Anaingia garini, anafunga mlango taratibu. "Kama haliumwi, basi sina sababu ya kuliuza," anasema. Anaweka gia. "Wala sina sababu ya kuja hapa."

Mkewe anapanda, wanaondoka. Fundi Sikio anabaki langoni, kichwa kimeinama upande, akilifuatilia kwa masikio hadi mbali kabisa, mimi nikiwa nimeacha kulisikia zamani.

"Limekaa sawa," anasema, akijifuta uso kwa mkono wenye grisi.

Ijumaa ijayo, anasema, atafungua saa moja kama kawaida. Hatachukua kazi nyingine asubuhi hiyo. Namuuliza kwa nini asubiri gari ambalo kalitengeneza likapona.

"Kwa sababu lile haliharibiki tena, hilo nakuhakikishia," anasema. "Shemeji akija, atakuwa amekuja kwangu."