Siku Bendi ya Kambini Ilipovua Buti

Bendi ya askari wa kambi kubwa ya Dar es Salaam ilipokuja kijijini kwetu Konde kututumbuiza, iliukuta uwanja wote umeanikwa karafuu. Tulikuwa tumeambiwa tuondoe majamvi, tukakataa. Mimi, bibi harusi wa juzi, ndiye niliyekataa kwa sauti kubwa zaidi. Jua la karafuu halingoji mgeni!

Wakapiga pembeni, barabarani. Subhanallah, zile tarumbeta! Kifua changu kilitetemeka, nikasahau hata ubishi wangu.

Mara wingu likafunga. Tukakimbilia kuanua, na askari wakaweka tarumbeta chini waje kutusaidia. Buti la kwanza lilipogusa jamvi, mama mkwe wangu akapiga ukelele:

"Vua viatu, mwanangu! Karafuu haikanyagwi!"

Askari yule akamtazama mkubwa wake. Mkubwa akainama, akaanza kufungua kamba za buti zake mwenyewe. Wote wakafuata.

Mvua ilishuka karafuu zote zikiwa ndani, kavu. Nje zilibaki buti, jozi kwa jozi kama mlangoni mwa msikiti, na kando yake zile tarumbeta, zikijaa maji.