Siku Nkambo Alipowatukana Wafu wa Misheni

Siku za sikukuu, jenereta ya parokia yetu hapa Kalemie huunguruma nyuma ya kanisa, na moshi wa mazutu huingia dirishani ukachanganyika na ubani. Wengine hukohoa. Mimi huuvuta mpaka ndani, maana harufu hiyo hunirudisha kwenye boti ya mbao iliyotupeleka hija nilipokuwa mtoto, padri kakaa mbele na chetezo chake, injini ikitutemea moshi nyuma. Wapo ndugu zangu wasiopenda niyasimulie yaliyotokea huko. Wanasema la aibu hufunikwa. Basi wafunike la kwao.

Kwanza niwaambieni jambo lililosemwa kwetu kwa kunong'ona. Mama yangu ni wa uzao wa watoto wa misheni. Babu wa babu yake alitekwa angali mdogo, akanunuliwa na mapadri kutoka kwenye msafara wa watumwa, akabatizwa, akalelewa kwenye misheni hiyohiyo tuliyokuwa tukiiendea hija. Ametoka wapi, ni wa ukoo gani, hakuna aliyejua. Na kwetu asiye na ukoo hana watani, na asiye na watani huzikwa kimya. Kazi ya mtani msibani mnaijua: amtukane marehemu, aige mwendo wake, alale kaburini na akatae kutoka mpaka wafiwa wampe chochote. Baba yake mama alipofariki, hakuja hata mmoja wa kumcheka. Alishushwa kama mzigo. Mama hakulia mbele za watu. Alilia jikoni, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Nkambo, mama mzazi wa baba yangu, hakumfariji. Ukoo wake yeye ulijulikana mwambao mzima wa ziwa, na chumvi ikizidi kwenye mboga ya sombe, alimwita mama "huyu wenu wa misheni". Ndani ya boti mimi niliketi katikati yao, na haikuwa kazi rahisi.

Misheni yenyewe ilikuwa kusini, kwenye njia ya kwenda Moba. Katekista aliyetutembeza alikuwa mwembamba, sauti yake kubwa kuliko kifua, na historia ile aliipenda kwa moyo wote.

"Hapa kulikuwa inchi," alituambia. "Inchi kabisa! Mbele ya Wabelgiji kushika huku, mapadri njo walikuwa serikali."

Walikuwa na askari wao na mzungu wa kuwaongoza, mahakama yao, jela yao, na ukuta wenye matundu ya kupitishia bunduki. Kengele iliwaamsha watu, ikawapeleka shambani, ikawapeleka kusali, ikawalaza. Nchi yenyewe niliipima kwa macho: ungeweza kuivuka kabla muhogo haujaiva jikoni. Nikacheka, Nkambo akanifinya. Wenzangu walizishangilia habari za bunduki. Mimi nilijiuliza ni nani aliyefyatua matofali yote yale.

Jibu lilikuwa nyuma ya ukuta. Ndani, makaburi ya mapadri yalikuwa na misalaba na majina. Nje, kwenye nyasi, palikuwa na matuta ya udongo yaliyokaribia kusawazika kabisa.

"Hawa ni wale walikombolewa," alisema katekista, sasa kwa upole. "Wao njo walifyatua matofali. Hawakukuwa na watu wao. Misheni njo ilikuwa ukoo yao. Tuwaombee."

Akainamisha kichwa. Alikuwa na nia njema, simlaumu. Lakini nilimwona mama akitazama chini, na kimya kile nilikitambua. Ndicho kilichomzika baba yake.

Nkambo akavua viatu.

"Ukoo gani haina watani?" aliuliza kwa nguvu.

Kabla hajajibiwa, aliingia kwenye nyasi na kikwembe chake cha Jumapili, akajilaza chali katikati ya matuta mawili.

"Nyinyi wavivu! Kengele imelia tangu asubuhi, na mungali munalala! Mumekula bugali ya mapadri mupaka mukanenepa, mukafa bila kuaga muntu! Na weye wa pembeni, magoti meusi kwa kusali, lakini ndagala ya jirani uliiba!"

Katekista alimkimbilia. "Mama, hapa ni pahali patakatifu! Tena utani unarithiwa. Weye si mutani wao."

"Watani wao walibakia kule walikoibiwa. Hakuna padri aliwanunua wale. Basi nimekuja mimi, na sitoki hapa mupaka mwenye kufiwa anilipe."

Macho yote yakamgeukia mama. Alikuwa mkwe ambaye miaka yote hakuthubutu hata kula mbele ya mama mkwe wake. Kama angenyamaza, Nkambo angebaki kichaa aliyelala nyasini, na wale wafu wangebaki si watu wa mtu yeyote. Mama alisogea hadi ukingoni mwa nyasi. Kisha akatoa chungwa mfukoni, akamtupia.

"Toka kwa kitanda ya babu zangu, weye muzee mwizi wa chumvi! Nani alikukaribisha hapa?"

Nkambo alilidaka chungwa, akacheka mpaka machozi. Watu nao wakaangua kicheko, katekista akageuka pembeni mabega yakimtikisika. Mzee mmoja wa parokia yetu, aliyejigamba miaka yote kuwa wa ukoo wa machifu, alijitenga na wenzake akasema, "Hata wangu wako hapa."

Msidhani walipatana. Ndani ya boti waligombana juu ya nani kasahau sufuria.

Nkambo alipofariki, nilikuwa nimeshaolewa. Watani wake wa kurithi walifika kwa wingi, lakini aliyetangulia kurukia kaburini alikuwa mama. Walikasirika. "Weye wa ukoo gani?"

"Wa wale wanalala nyuma ya ukuta," mama aliwajibu akiwa chini. "Muulize huyu mumebeba. Yeye njo alianza."

Hakuna aliyethubutu kumtoa. Akamtukana Nkambo kwa ufundi ambao sijausikia tena, na ukoo ule mkubwa ukamlipa.

Utotoni nilidhani Nkambo aliwaonea huruma wale wafu. Sivyo. Huruma alikuwa nayo katekista, na huruma iliwaacha palepale nyuma ya ukuta. Nkambo aliwatukana kama mtu anavyowatukana walio sawa naye, wala hakuomba ruhusa ya padri, ya chifu, wala ya desturi. Leo wakiniuliza ukoo wa mama yangu, siinamishi kichwa. Nikifa, ninao wa kunitukana, wa upande wa baba na wa mama.